Chakula cha Mwanafunzi wa Chuo: Afya, Halali na Chungu cha Pamoja

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu, Mwenye kuruzuku kila kiumbe. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Amma ba'ad.

Kila mwaka familia nyingi za Unguja na Pemba hufunga mizigo ya vijana wanaokwenda vyuoni. Wengine wanakwenda Tunguu au Chukwani, na wengine wanavuka bahari kwenda Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma. Mzazi huhakikisha ada imelipwa, msahafu umo begani na nguo zimepigwa pasi. Jambo ambalo mara nyingi halizungumzwi ni hili: mtoto huyu, ambaye tangu kuzaliwa amewekewa sahani mbele yake, kuanzia wiki ijayo atakula nini, wapi, na kwa mpango gani?

Makala hii inajibu suali hilo. Tunakusudia kuonesha kuwa vijana wetu wengi hawali vibaya kwa sababu ya ufukara peke yake. Wanakula vibaya kwa kukosa mpango, na mpango ulio mwepesi kuliko yote ni wa vijana kupika na kula pamoja. Tutaanza na msingi wa dini, kisha lishe, kisha namna ya kuupanga mwezi, kisha mas-ala ya fiqhi yanayoulizwa sana, na mwisho wajibu wa wazazi na wa vijana wenyewe kwa wenzao wenye njaa.

1. Mwili ni amana

Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, Allah (s.w.) ametuamrisha kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Wanavyuoni wamesema kuwa aya hii imekusanya msingi mkubwa wa afya, kwa sababu madhara mengi ya chakula yanatoka katika kuzidisha au katika kupunguza. Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Al-Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) iliyopokewa na At-Tirmidhi, ametufundisha kuwa mwanadamu zinamtosha tonge chache za kumsimamisha mgongo. Ikiwa hapana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi.

Vijana wengi wanaikumbuka hadithi hii inapozungumzwa shibe, lakini wanasahau upande wa pili. Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.) kujitesa kwa kufunga kila siku na kusimama usiku kucha, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa haki ya mwili haiangushwi na ibada, vipi itaangushwa na uvivu wa kupika, au na kununua simu mpya kwa pesa ya chakula? Mwanafunzi anayeshinda na njaa mpaka saa 10 jioni hali uwezo wa kula anao, huyo amepunguza haki ya mwili wake, na somo lake pia litapungua.

2. Hali ilivyo

Ukiwauliza wanafunzi wanavyokula, majibu yao yanafanana. Asubuhi hawali kitu kwa kuwahi darasa, au wanapata chai ya sukari nyingi na mandazi mawili. Mchana wanakula wali au chipsi, na wakikosa nafasi wanashushia soda. Usiku, baada ya kusoma, njaa inawakamata na wanatafuta chipsi mayai. Mboga na matunda hupita siku nzima havijaonekana.

Hali hiyo ni ya nusu ya kwanza ya mwezi. Pesa zikifika mkononi, wiki mbili za mwanzo ni kuku na soda, na wiki mbili za mwisho ni chai kavu, deni kwa mama lishe na kujificha chumbani wakati wenzake wanakula. Mwezi mmoja huo huo una israfu mwanzoni na njaa mwishoni. Katika Suratul-Furqan, aya ya 67, waja wa Rahmani wamesifiwa kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, bali wanakuwa katikati ya hayo mawili. Sifa hii ndiyo tiba ya mwezi wa mwanafunzi.

3. Sahani iliyo kamili

Kwa miaka mingi wataalamu wa lishe nchini walikuwa wakifundisha makundi matano ya chakula. La kwanza ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika. La pili ni vyakula vya jamii ya kunde na vile vinavyotokana na wanyama na samaki. La tatu ni mboga, la nne ni matunda, na la tano ni mafuta na sukari kwa kiasi kidogo. Hapa visiwani makundi yote hayo tunayo, tena kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu akichagua vizuri.

Wanga: wali, ugali, muhogo, viazi vitamu, mbatata, ndizi, shelisheli, boflo. Hivi ndivyo vinavyotupa nguvu. Kosa lililoenea ni kuijaza sahani wali mpaka juu, kitoweo kikawa cha kupakia tu. Unga wa dona ni bora kuliko sembe iliyokobolewa, kwa sababu bado una kiini na ganda, hushibisha kwa muda mrefu na husaidia choo.

Protini: maharage, kunde, choroko, mbaazi, dagaa, samaki, mayai, maziwa, nyama. Wapo vijana wanaoona aibu kula maharage au dagaa, wakidhani ni chakula cha dhiki. Fikra hiyo haina msingi. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo hutoa protini na madini ya kalsiamu kwa pamoja. Maharage yakiliwa na wali, protini ya kimoja hukamilisha ya mwenziwe. Kisha Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Hurayra (r.a.), hakuwa akitia ila chakula: akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha.

Mboga na matunda: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, boga, biringani, na katika matunda papai, embe, chungwa, pera, ndizi, kila kimoja kwa msimu wake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa kipimo chepesi, hizo ni kama viganja vitano vilivyojaa kwa siku nzima. Nunua tunda la msimu, kwani ndilo rahisi na ndilo bichi zaidi.

Hapa nawasemesha mabinti zetu khasa. Upungufu wa damu huwapata takriban mwanamke mmoja kati ya watatu wenye umri wa kuzaa duniani, na sababu moja kubwa ni upungufu wa madini ya chuma. Kila mwezi mwanamke hupoteza damu, kwa hiyo haja yake ya madini hayo ni kubwa kuliko ya kaka yake. Dalili zake ni kuchoka haraka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kutoweza kuzingatia somo. Dagaa, nyama, maharage na mboga za majani husaidia. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachoingia mwilini, na chungwa au ndimu huongeza. Basi, chai iwe baada ya saa moja au zaidi, na ndimu ikamuliwe kwenye maharage. Mwenye dalili hizo aende hospitali akapimwe damu, asijitibu kwa kubahatisha.

4. Chai ya asubuhi

Mwanafunzi anayeingia darasani na tumbo tupu, inapofika saa 4 asubuhi akili yake iko kwenye sambusa. Mandazi na chai ya sukari hushibisha kwa muda mfupi, kisha njaa hurudi kwa nguvu. Ongeza kitu kimoja chenye protini na mambo yatabadilika: yai la kuchemsha, karanga kiganja kimoja, maharage yaliyobaki jana yakiwa yamehifadhiwa vizuri, au maziwa. Uji wa mtama au wa dona ukitiwa karanga zilizosagwa ni chakula kamili cha asubuhi, na haumalizi dakika 20 jikoni. Muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha kwa samaki ndivyo walivyokulia babu zetu, na bado havijapitwa na wakati.

Wanafunzi wengi husema wana vidonda vya tumbo kwa sababu ya kukaa na njaa. Ni vizuri tufahamu: madaktari wanaeleza kuwa vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na kuzidisha dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Njaa huweza kuyazidisha maumivu, lakini peke yake haiwi sababu ya vidonda. Kwa hiyo usimeze dawa za maumivu kila siku kwa kichwa kinachokuuma kutokana na njaa na kukosa usingizi. Na mwenye maumivu yasiyokwisha, mwenye kutapika damu au mwenye kupata choo cheusi, asingoje, aende hospitali.

5. Vinywaji

Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari takriban gramu 35 au zaidi, nazo ni karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu zote tunazopata kwa chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Soda moja na vikombe viwili vya chai ya vijiko vitatu vitatu tayari vimeuvuka mpaka huo.

Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vimeenea sana wakati wa mitihani. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini ya karibu miligramu 80, juu ya sukari nyingi. Kinywaji hiki hakiongezi nguvu kwa hakika. Huzuia usingizi tu, na mwili utaudai usingizi huo baadaye. Anayekunywa makopo matatu au manne kwa usiku mmoja hujitafutia moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi siku ya mtihani yenyewe. Mwenye maradhi ya moyo au presha ajiepushe navyo kabisa.

Kinywaji cha mwanafunzi ni maji safi. Beba chupa yako, ijaze maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na pesa ya soda nunua tunda.

6. Chungu cha pamoja

Al-Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa (r.a.) habari za kabila la Al-Ash'ari. Chakula kilipowapungukia safarini, au kilipokuwa kichache kwa familia zao mjini Madina, walikuwa wakikusanya chote walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) aliwasifu kwa jambo hilo, akawahesabu kuwa ni wake naye ni wao. Katika hadithi nyingine akatufahamisha kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne.

Hii ndiyo tunu ambayo vijana wanne wanaokaa nyumba moja ya kupanga wanaweza kuihuisha. Na hesabu yake ni nyepesi. Mlo mmoja wa watu wanne ni takriban nusu kilo ya mchele, robo kilo ya maharage, nazi moja na mafungu mawili ya mchicha. Tuseme kila siku mchana ni wali na usiku ni ugali wa nusu kilo ya unga. Kwa siku 30 mtahitaji kilo 15 za mchele na kilo 15 za unga. Maharage yakipikwa siku moja na kuachwa siku moja, zinatosha kilo nne, na siku zilizobaki ziwe za dagaa, samaki au choroko. Ukigawa kwa wanne, kila mmoja anatoa chini ya kilo nne za mchele, chini ya kilo nne za unga na kilo moja ya maharage. Hilo si jambo zito kwa mwanafunzi aliyepokea pesa yake leo. Wenye kula zaidi waongeze kidogo, lakini msingi ndio huo.

Kanuni za chungu cha pamoja ni hizi:

Kwanza, vyakula vikavu vinunuliwe siku ile ile pesa inapoingia, kabla ya matumizi mengine yoyote. Mchele, unga, maharage, dagaa, mafuta, sukari na chumvi vikiwa ndani, njaa ya mwisho wa mwezi imeshaondoka nusu yake.

Pili, pesa ya mboga, samaki na matunda igawiwe mafungu manne ya wiki, na kila fungu likae kwa muweka hazina mmoja mwaminifu anayeandika matumizi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, zamu za kupika, kuosha vyombo na kwenda sokoni ziandikwe na kubandikwa ukutani. Shirika nyingi huvunjika kwa sababu ya sufuria chafu, wala si kwa pesa. Wavulana nao wapike. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake.

Nne, maharage yarowekwe usiku na maji yake yamwagwe asubuhi. Yataiva upesi na kuokoa gesi au mkaa. Yachemke vizuri mpaka yalainike, kwani baadhi ya maharage, khasa mekundu, yakiwa mabichi huumiza tumbo.

Tano, kuleni pamoja kila inapowezekana. Imepokewa kwa Abu Daud kuwa Swahaba walimshtakia Mtume (s.a.w.) kwamba wanakula na hawashibi. Akawauliza kama wanakula wakiwa wametawanyika, kisha akawaelekeza wakusanyike na wamtaje Allah, watabarikiwa. Kula pamoja kuna faida nyingine: asiyekula anajulikana.

Kwa wanaokaa dakhalia ambako kupika chumbani kumekatazwa, wasivunje kanuni hiyo. Jiko la umeme la waya katika chumba chenye magodoro na mapazia limeshaunguza mabweni. Na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Wa dakhalia watumie jiko lililotengwa, au wapatane na mama lishe mmoja awapikie kwa mwezi. Mapatano hayo yawe wazi: milo mingapi, ya aina gani, kwa bei gani, na siku asipokuwepo mtu inahesabiwa vipi. Uwazi huo huondosha ugomvi na huondosha gharari katika muamala.

7. Usafi

Visiwa vyetu vimeonja kipindupindu, na mripuko wa 2015 na 2016 haujasahaulika. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula. Maji ya kunywa yachemshwe. Wali uliopikwa mchana usiachwe juu ya meza mpaka asubuhi, kwani una bakteria wanaozaliana katika joto letu na sumu yao haiondoki hata ukiupasha moto. Mkibakisha chakula, kiwekeni kwenye friji mapema. Msipokuwa na friji, pikeni kwa kiasi. Mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi na mazito yamwagwe.

8. Mas-ala yanayoulizwa sana

Nyama ya hotelini Bara, sijui nani kachinja.
Kwa desturi ya muda mrefu, machinjio mengi na mabucha mengi nchini wachinjaji wake ni Waislamu, na asli ya nyama inayouzwa katika soko la namna hiyo ni halali mpaka ithibiti kinyume chake. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa watu waliuliza kuhusu nyama inayoletwa na watu walioingia Uislamu karibuni, haijulikani kama walitaja jina la Allah. Mtume (s.a.w.) akawaelekeza watu hao wataje wao jina la Allah na wale. Pia Suratul-Maida, aya ya 5, imehalalisha chakula cha Ahlul-Kitabu. Panapojulikana kwa yakini kuwa mnyama hakuchinjwa, au ni nguruwe, hapo haijuzu. Mwenye shaka nzito ana njia nyepesi: samaki, mayai na maharage vipo kila mahali.

Natumia vyombo na wenzangu wasio Waislamu.
Vyombo asli yake ni tohara, na dhana tupu haiviharamishi. Ikithibiti kuwa chombo kimepikiwa nguruwe, basi kwa madhehebu ya Imam Shafi'i kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Usalama ni kuwa na sufuria na sahani yako, na kuwaeleza wenzako sababu kwa tabia njema.

Mtihani umeangukia Ramadhani, naweza kula?
Mtihani peke yake si udhuru kwa aliyebaleghe mwenye afya na asiyekuwa safarini. Anatia nia usiku na anaamka kufunga. Akifikwa na mashaka makubwa ya kweli, anayochelea yatamdhuru mwili wake, hapo sharia imempa ruhusa ya kufungua, na siku hiyo atailipa. Ale daku na aicheleweshe, kwani daku ina baraka kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Ndani yake awe na maharage au mayai, tunda na maji ya kutosha, si chai na mkate mtupu.

Sina chakula, nimeamua nifunge sunna. Inasihi?
Inasihi. Muslim amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliuliza siku moja kama kuna chochote cha kula, alipoambiwa hakuna akanuia kufunga. Kwa madhehebu yetu, nia ya funga ya sunna hujuzu kabla ya jua kupinduka, maadamu hujala wala kufanya cha kufunguza tangu alfajiri. Lakini hakikisha unacho cha kufuturia. Na ikiwa funga yako ni kificho cha njaa ya kila siku, soma sehemu ya 10 ya makala hii.

Chakula kimewekwa na swala inakimiwa.
Mwenye njaa na chakula kipo mbele yake aanze kula, ili aswali moyo wake ukiwa umetulia. Hivyo ndivyo ilivyokuja katika hadithi sahihi. Lakini asiifanye kuwa ada, akawa kila siku anakipanga chakula wakati wa jamaa.

Nina deni kwa mama lishe na likizo imefika.
Usiondoke kimya. Deni ni haki ya mja, na mama huyo mtaji wake ni sufuria hiyo hiyo. Lipa, au mwambie ukweli na muwekeane siku.

9. Wajibu wa wazazi

Mzazi mwenye uwezo asitume pesa ya muhula mzima kwa mkupuo kwa kijana ambaye hajawahi kushika hesabu. Atume kwa mwezi, na ikiwezekana atume chakula chenyewe. Kilo tano za mchele, dagaa waliokaushwa vizuri na kuchambuliwa, choroko, karanga na tende husafiri kwa boti bila ya kuharibika. Kabla ya kuondoka, kila kijana, mke kwa mume, awe amejifunza nyumbani kupika vitu vitano: wali, ugali, maharage, mboga ya majani na mchuzi wa samaki. Mama anayemzuia mwanawe wa kiume asiingie jikoni amempeleka chuoni akiwa na njaa mkononi.

Na mnapopiga simu, msiulize masomo tu. Muulizeni: umekula nini leo, na umekula na nani? Jibu la suali hilo litawaonesha mengi kuhusu afya yake, pesa zake na marafiki zake.

10. Njaa iliyofichwa

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika Suratul-Baqara, aya ya 273, wametajwa mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kuomba, na hujulikana kwa alama zao. Watu wa aina hii wamo katika vyuo vyetu. Huyu ni yule anayesema hana hamu kila wenzake wanapokaa kula, anayekwenda maktaba saa za chakula, anayekunywa maji mengi darasani. Wengine ni mabinti, na katika njaa hiyo hutokea mtu wa kuwanunulia chakula leo, kesho akadai malipo ambayo hayafai kutajwa. Sahani moja ya wali kutoka kwa dada zake wa chumba kimoja ingeufunga mlango huo.

Kwa hiyo naziusia jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni ziwe na mfuko mdogo wa chakula, unaotunzwa kwa siri na watu wawili waaminifu, bila ya kubandika majina ya wanaosaidiwa. Wenye kutoa zaka nao wajue kuwa mwanafunzi asiye na cha kumtosha, wala mlezi wa kumkimu, anaingia katika mafakiri na maskini waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Kumpa zaka kunajuzu, wala si lazima kumwambia kuwa ni zaka. Na Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa akipika mchuzi aongeze maji yake na awaangalie majirani zake. Jirani wa mwanafunzi ni yule wa chumba cha pili.

Nawe ndugu yangu mwenye njaa, kumwambia imamu wa msikiti wa chuo, mwalimu unayemuamini au mzazi wako si kujidhalilisha. Kuugua ukaacha masomo kwa kuona haya kutakuwa ni hasara kwako na kwa umma unaokungoja.

Kwa ufupi: nunua vyakula vikavu siku pesa inapoingia, usitoke asubuhi bila ya kula, kila mlo uwe na wanga, protini na mboga, maji badala ya soda, pika na wenzako, kula na wenzako, na mtafute asiyekuwepo kwenye sahani.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape vijana wetu riziki ya halali, afya njema na ilimu yenye manufaa, na awarejeshe kwa wazazi wao wakiwa salama.

Wallahu a'lam.